Kompyuta inayoitwa kama jurnalie: historia ya "bila seva" na waya wa Kolwezi

Kati ya vijana wa Kolwezi wanaojifunza kuandika programu, kuna neno linalosikika sana siku hizi: "bila seva". Wanasema mtu anaweza leo kutengeneza huduma ya simu au ya intaneti pasipo kununua kompyuta kubwa, pasipo kuilinda, pasipo hata kujua iko wapi. Mzee aliyefanya kazi miaka thelathini Gécamines akisikia hivyo atauliza swali moja tu: basi hiyo kazi inafanyika juu ya nini? Juu ya hewa?

Swali la mzee ni la haki. Seva zipo, tena ni nyingi kuliko zamani. Zimepangwa kwa safu katika majumba makubwa yenye baridi, huko Virginia, Ireland, Cape Town na kwingine. Ndani yake kuna shaba nyingi. Betri zinazozishikilia umeme ukikatika, nyingi siku hizi ni za lithiamu, na baadhi zina kobalti. Na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, sehemu kubwa katika jimbo la Lualaba. Mtu anaposema "bila seva" maana yake ni kwamba yeye hana seva ya kutunza. Mwingine anaitunza, naye analipwa.

Namna watu walivyofika kwenye wazo hilo ni historia ya miaka sitini na zaidi, na mkaaji wa Kolwezi anaweza kuielewa upesi kuliko mtu wa Paris, kwa sababu ameishi historia inayofanana nayo upande wa umeme.

Union Minière ilipotaka kuyeyusha shaba ya Katanga, hapakuwa na mtu wa kuiuzia umeme. Ililazimika kujenga mabwawa yake yenyewe: Mwadingusha mwaka 1930 na Koni mwaka 1950 juu ya mto Lufira, kisha Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956 juu ya Lualaba, karibu kabisa na Kolwezi. Kampuni ya madini ikawa pia kampuni ya maji na ya umeme. Bwawa lilikuwa lake, mashine zake, mafundi wake, na nyumba za mafundi pia zake.

Kompyuta za miaka hiyo zilikuwa vilevile. Kampuni au chuo kilichotaka kufanya hesabu kwa mashine kilinunua au kukodisha mashine nzima, kikajenga chumba chake, kikaweka vipoza hewa, kikaajiri watu wa kuihudumia usiku na mchana. Mwaka 1961, katika sherehe za miaka mia ya chuo cha MIT huko Marekani, mwanasayansi John McCarthy alisema kwamba siku moja uwezo wa kompyuta unaweza kuuzwa kwa watu wote kama huduma ya simu: kila mtu analipa kile alichotumia tu. Wengi walilipenda wazo hilo, lakini nyaya na mashine za wakati ule hazikutosha.

Kolwezi nayo ikapata umeme wa mbali. Wakati wa Mobutu, serikali iliamua kuuleta umeme wa Inga hadi kwenye migodi ya Shaba, umbali wa kilometa zipatazo 1,700. Laini ilimalizika mwaka 1982. Inabeba umeme wa mkondo mmoja, na hapa Kolwezi ndipo kituo kikubwa kinapougeuza uwe umeme wa kutumika. Kwa kuwa umeme wa aina hiyo hauwezi kuchotwa njiani kirahisi, waya ulipita juu ya vijiji vingi usiache hata balbu moja. Wanakijiji waliiona minara ikisimamishwa, waliusikia waya ukivuma, na usiku waliendelea kuwasha kibatari. Waya huo utarudi tena katika habari hii.

Wengi wanadhani kompyuta za kukodi, zile zinazoitwa wingu, zilizaliwa Marekani peke yake. Kwa kweli kipande kikubwa kilitengenezwa Afrika. Mhandisi Chris Pinkham, wa Afrika Kusini, alikuwa akifanya kazi Amazon huko Seattle, na yeye na mwenzake Benjamin Black waliandika mwaka 2003 wazo la kuzipanga mashine za kampuni kwa namna ambayo zingeweza hata kukodishwa kwa watu wengine. Pinkham alitaka kurudi kwao. Badala ya kumpoteza, Amazon ilimruhusu afungue ofisi Cape Town. Hapo, pamoja na Willem van Biljon na kundi dogo la wahandisi, ikatengenezwa huduma iliyoitwa EC2. Ilifunguliwa kwa majaribio mwezi wa Agosti 2006. Bei ya mashine ndogo ilikuwa senti kumi za dola kwa saa.

Senti kumi! Kijana mwenye kadi ya benki aliweza kukodi asubuhi mashine ambayo baba yake asingeweza kuinunua kwa mshahara wa mwaka. (Kadi ya benki yenyewe, Kolwezi ya 2006, ilikuwa hadithi nyingine.)

Lakini kulikuwa na kasoro, na kila mtu aliyewahi kukodi kamyo anaijua. Ukikodi kamyo kwa siku, unalipa siku nzima hata kama limesimama kivulini likingoja mzigo. Kompyuta ya kukodi kwa saa ilikuwa hivyo. Usiku, hakuna mteja, na mashine inahesabu saa zake. Zaidi ya hapo, mkodishaji alibaki na kazi ya kuitunza: kuweka programu za ulinzi, kuziba matundu, kuongeza mashine nyingine wateja wakiwa wengi, kuzipunguza wakiondoka. Alikuwa amekodi kamyo pamoja na matatizo yake yote ya gareji.

Watu walianza kutafuta njia ya kulipia mzigo tu. Huko London, kampuni ndogo iliyoitwa Fotango, tawi la Canon, ilianzisha mwaka 2006 huduma ya Zimki: unaandika programu yako, wao wanaiendesha, unalipa kwa matumizi. Mwaka uliofuata wenye kampuni waliamua kuifunga. Google ilileta App Engine mwezi wa Aprili 2008, nayo ilikuwa karibu na wazo hilo. Neno lenyewe "bila seva", kwa maana inayotumika leo, lilianza kuenea baada ya makala ya Ken Fromm ya mwaka 2012. Na tarehe 13 Novemba 2014, katika mkutano wake wa Las Vegas, Amazon ilitangaza Lambda. Tarehe hiyo ndiyo watu wengi wa kazi hii wanaihesabu kuwa mwanzo.

Lambda inafanyaje kazi? Hapa mfano mzuri hautoki kwenye umeme, unatoka kwenye lango la kiwanda.

Mfanyakazi wa Gécamines wa zamani alikuwa na namba, nyumba ya kampuni, posho ya unga kila mwezi, hospitali, na shule ya watoto. Kazi ikiwepo au isiwepo, namba yake ilibaki kwenye daftari. Kampuni ilimbeba. Baadaye mambo yakabadilika. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 walitolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Kampuni mpya zilizokuja zilichukua watu wengi kupitia wakandarasi, na wengine kwa siku: hawa ndio wanaoitwa jurnalie. Jurnalie anasimama langoni. Kazi ikitokea, anaitwa. Anafanya, analipwa siku yake, anatoka. Kesho akiitwa tena, anaanza kana kwamba hajawahi kuingia. Hana kabati ndani ya kiwanda, na kofia anarudisha langoni.

Lambda ni jurnalie. Mwandishi wa programu anaandika kipande kidogo kinachofanya jambo moja. Kipande hicho wanakiita funksheni. Anakikabidhi kwa mwenye mashine pamoja na agizo: kikitokea kitu fulani, kiite hiki. Mfano waliopenda kuutoa siku za mwanzo ulikuwa wa picha. Mtu anatuma picha kubwa. Kutumwa kwa picha ndio wito. Funksheni inaamka, inatengeneza picha ndogo, inaihifadhi, inalala. Picha moja ikija, inaamka moja. Picha elfu moja zikija kwa pamoja, zinaamka nakala nyingi, kila moja na picha yake, na baada ya muda hakuna hata moja. Siku isiyo na picha, bili ni sifuri.

Mwanzoni funksheni iliruhusiwa kufanya kazi sekunde 60 tu, kisha inakatwa. Baadaye ikafika dakika 5, na tangu mwaka 2018 ni dakika 15. Bei ya wito milioni moja ni senti ishirini za dola, na wito milioni moja wa kwanza wa kila mwezi ni bure. Muda wa kazi unalipiwa kando, mwanzoni kwa vipande vya sehemu ya kumi ya sekunde, na tangu Desemba 2020 kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna mkandarasi wa Lualaba aliyewahi kufikiria kumlipa mtu kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde. Tushukuru.

Wengine walifuata haraka: Google, Microsoft na IBM mwaka 2016, Cloudflare mwaka 2017. Majina yanatofautiana, mpango ni uleule.

Kasoro moja mafundi waliiona mapema. Funksheni iliyolala muda mrefu inachelewa kuamka. Wanaita "kuanza baridi", na dereva yeyote aliyewahi kusukuma gari asubuhi ya Juni kwenye baridi ya Kolwezi anaelewa. Kwa kawaida ni sehemu ya sekunde, au sekunde chache. Kwa mtu anayetazama picha, si kitu. Kwa mtu aliyepiga namba ya nyota na alama ya reli kwenye simu ndogo, ambako mtandao unafunga mazungumzo usipojibiwa upesi, sekunde chache ni nyingi.

Na simu hiyo ndogo ndiyo inayohusu watu wa hapa. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, watu wengi walizoea tabia ya "ita, jibu, maliza" miaka mingi kabla ya Las Vegas. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na Vodacom iliileta Kongo mwaka 2012. Mtu anapiga namba, swali linakuja, anajibu, feza inatoka mkono mmoja inaingia mwingine, mazungumzo yanafungwa. Mteja wa kabini ya Manika hajui mashine iko wapi, wala hahitaji kujua. Hata Wakenya wengi hawakujua kwamba kwa miaka mingi seva za M-Pesa yao zilikuwa Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya mwezi wa Aprili 2015. Mama aliyetuma shilingi mia mbili kutoka Nairobi kwenda Kisumu, hesabu yake ilipita Ulaya kwanza.

Kwa familia zilizohama makwao, hatua muhimu zaidi ilitokea Nairobi mwanzoni mwa mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliwaka moto, na watu walifukuzwa nyumbani kwa maelfu. Mwandishi Ory Okolloh aliomba waziwazi mafundi wasaidie kutengeneza ramani ambayo mtu yeyote angeweza kutuma habari ya kilichotokea kwao. David Kobia, Juliana Rotich, Erik Hersman na wengine wakaitikia, na kwa siku chache ikatoka Ushahidi. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, vita vya CNDP vilipokaribia Goma, Ushahidi ilifunguliwa pia kwa Kongo ya mashariki.

Hapo ndipo tatizo la seva lilipoonekana wazi. Habari za watu waliokimbia hazitiririki kwa utulivu. Wiki tatu kimya kabisa. Halafu usiku mmoja, ujumbe elfu moja. Shirika dogo lenye mashine moja linapata hasara mara mbili: wakati wa kimya linalipia mashine isiyofanya kazi, na usiku wa hatari mashine hiyo hiyo inazidiwa na kuanguka. Tena lilihitaji fundi wa kuisimamisha, na fundi huyo huenda naye yuko njiani na watoto mgongoni. Mwaka 2010 Ushahidi ilileta Crowdmap, ambapo kundi lolote liliweza kufungua ramani yake pasipo kuwa na seva, kwa sababu Ushahidi wenyewe waliitunza. Uganda, mwaka 2011, UNICEF ilianzisha U-Report, vijana wakituma maoni kwa SMS. Hizi hazikuwa Lambda, Lambda haikuwepo. Lakini hitaji lilikuwa tayari limesimama langoni likingoja.

Leo hesabu inaweza kufanywa kwa kalamu. Tuseme kamati ya kartie moja inataka namba ambayo familia zilizotawanyika zitatuma jina, mahali walipo na wanayemtafuta. Ujumbe elfu kumi ukifika kwa siku moja, funksheni itaitwa mara elfu kumi, na hiyo haifiki hata sehemu ya hamsini ya kile kinachotolewa bure kwa mwezi. Ghali ni SMS yenyewe, kwa sababu kampuni ya simu haina bure yake. Kwa mara ya kwanza sehemu ya kompyuta si tena kitu kinachozuia kamati maskini.

Kinachobaki ni daftari.

Maana jurnalie hakumbuki. Funksheni ikimaliza, kila ilichokishika mkononi kinaweza kupotea, kwa hiyo majina ya watu lazima yaandikwe mahali pengine panapodumu. Katika mabishano yote kuhusu "bila seva", mafundi wanazungumza sana juu ya wito na bei, na kidogo juu ya daftari. Familia iliyohama inapaswa kuuliza kinyume chake. Nani anashika daftari? Liko nchi gani? Nani anaweza kulifungua?

Kwa Kolwezi swali hilo lina uzito wake. Katika miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakakaa kwenye stesheni wakingoja treni, na waliofukuzwa walikuwa wamechaguliwa kwa jina na asili. Mwaka 2016 na 2017 vita vya Kamuina Nsapu vilisukuma watu upande wa pili, kutoka Kasai. Na mwezi wa Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa majumbani kwa sababu ya migodi inayopanuka, pamoja na wakaaji wa Cité Gécamines katikati ya jiji. Mtu wa namna hii anajua kwamba orodha yenye jina lake inaweza kumletea fidia, na inaweza pia kumletea watu mlangoni.

Mfano mkubwa zaidi wa hatari hiyo ulitokea kwa shirika linaloaminiwa kuliko mengi. Tarehe 19 Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wameingia katika seva zilizokuwa na habari za watu zaidi ya 515,000: waliopotea na familia zao, wafungwa, na watu waliotenganishwa kwa vita, kuhama au majanga. Habari hizo zilitoka kwa vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vya nchi zisizopungua 60. Seva zilikuwa Uswisi. Uchunguzi ulionyesha kwamba wavamizi waliingia tarehe 9 Novemba 2021 wakakaa ndani kama siku 70 kabla ya kugunduliwa. Walipitia tundu katika programu moja ambalo tayari lilikuwa linajulikana, na dawa yake ilikuwa imetolewa, lakini kwenye seva hizo dawa haikuwekwa kwa wakati. Shirika lilizima mifumo yake ya kutafuta familia. Mkurugenzi wake wakati huo, Robert Mardini, alieleza kwamba kazi hiyo huwakutanisha na familia zao watu 12 kwa siku kwa wastani. Kila siku ya mfumo kuzimwa ilikuwa na maana kwa watu kama hao.

Mtetezi wa "bila seva" atasema: mnaona? Mngekuwa na funksheni, kuziba tundu la mashine kungekuwa kazi ya Amazon au Google, wenye watu maelfu wanaofanya kazi hiyo tu. Ana haki kwa sehemu hiyo. Mtunzaji mdogo, hata mwenye nia njema, huchelewa kufunga madirisha.

Lakini kuna jibu. Mwezi wa Machi 2018 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa CLOUD Act. Kwa sheria hiyo, mahakama za Marekani zinaweza kuilazimisha kampuni ya Marekani itoe data iliyo mikononi mwake, hata kama data hiyo imehifadhiwa nchi nyingine. Kwa duka la nguo si tatizo. Kwa orodha ya watu waliokimbia vita, ambayo Msalaba Mwekundu huilinda kwa kinga yake ya kimataifa, ni jambo la kufikiri mara mbili. Daftari likiwa kwako, unaweza kuibiwa kwa uzembe wako. Likiwa kwa tajiri wa mbali, mwizi atashindwa kuingia, lakini mwenye amri kwa yule tajiri ataingia kwa mlango wa mbele. Kila kamati inachagua hofu yake, na kuchagua baada ya kufikiri ni bora kuliko kuchaguliwa na bei.

Halafu kuna waya.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na SMS nazo zikafungwa. Ilirudi baada ya kama siku 20. Kwa siku hizo, huduma yoyote iliyokaa kwenye wingu ilikuwa kwa Mkongomani sawa na umeme wa Inga kwa mwanakijiji wa Kasai: ilipita juu, bila kumwashia kitu.

Mwaka mmoja baadaye waya ulikatika kwa sababu nyingine kabisa. Intaneti ya Kongo inategemea sana nyaya za baharini, na waya wa WACS unatua Muanda. Katikati ya Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto Kongo, tope lililojaa kwenye mdomo wa mto liliporomoka katika bonde lililo chini ya bahari, likakimbia zaidi ya kilometa 1,100, na kukata WACS pamoja na waya mwingine uitwao SAT-3. Mwezi wa Agosti 2023 nyaya hizo mbili zilikatika tena sehemu hiyohiyo. Mto Kongo, ukipandishwa hadi juu kabisa, ni Lualaba. Maji yanayozungusha mashine za Nzilo na Nseke ni ndugu wa maji yaliyokata intaneti.

Hata pale ambapo nyaya ni nzima, tajiri mwenyewe huanguka. Tarehe 13 Juni 2023 Lambda ilipata hitilafu kwa saa kadhaa katika kituo kikuu cha Amazon, Virginia. Tarehe 20 Oktoba 2025 kituo hichohicho kilipata kosa kwenye kitabu chake cha anwani, na huduma nyingi duniani zikasimama, pamoja na Signal na Snapchat. Tangu Aprili 2020 Amazon ina vituo vyake Cape Town, na hiyo inapunguza safari kwa mtumiaji wa Kolwezi. Lakini anayeandika programu ndiye anayechagua kituo, na mara nyingi Virginia ndiyo iliyoandikwa kwenye mifano ya vitabu.

Kwa sababu hizo, watu wenye uzoefu wa ugawaji wa misaada hawajaziacha njia za zamani. Wakala anakuja na simu, anaandika namba ya familia, ombi linakimbia hadi kwenye mashine ya mbali, funksheni inaamka, inasoma daftari, inajibu ndiyo au hapana, inalala. Ikienda vizuri, kila mtu hutumia dakika moja. Siku ya mtandao kuanguka, wakala anafungua mkoba na kutoa orodha iliyochapwa jana yake, kurasa zimebanwa kwa pini, na foleni inasogea kwa kidole kinachoshuka jina kwa jina. Mama aliye mbele anafungua mfuko wa plastiki uliofungwa kwa fundo mbili, anatoa jetoni ya karatasi ngumu, anaishika kwa pembe ili muhuri usifutike kwa jasho.